MCHEZA SINEMA ALIYEINGIA BUNGENI
Habari za MGR wa Tamil Nadu, India

Waimbaji, wacheza ngoma na wacheza sinema tunawajua. Tunatoa senti zetu kwenda kuwaona, tunawapigia makofi, kisha tunarudi nyumbani kulala. Lakini je, mtu wa namna hiyo akija kijijini akaomba kura aende bungeni, tumpime kwa kipimo gani? Tumpime kwa yale aliyoyaonyesha katika sinema? Wakulima wa kusini ya India walikutana na swali hili kwa miaka mingi, wakalijibu kwa kura zao. Leo tutaeleza habari za msanii waliyemchagua, mema yake na yale mengine.

Kwanza tuelewane juu ya neno moja. India ni nchi kubwa mno, nayo imegawanywa katika majimbo. Kila jimbo lina bunge lake na serikali yake, mbali na Bunge la nchi nzima lililoko Delhi. Mkuu wa serikali ya jimbo ni Waziri Kiongozi. Yeye na mawaziri wake ndio wanaoshughulika na shule, hospitali za vijijini, polisi wa jimbo na kodi nyingi. Kwa hiyo mbunge wa jimbo si mtu mdogo. Jimbo tunalolisema hapa ni Tamil Nadu, ambalo hadi mwaka 1969 liliitwa Madras. Watu wake wengi ni Watamili, nao husema Kitamili. Siku za habari hizi wengi walikuwa wakulima.

MTOTO ALIYEACHA SHULE

Jina lake kamili ni Maruthur Gopalan Ramachandran. Watu walilifupisha wakamwita MGR, herufi tatu tu, nasi tutamwita hivyo. Alizaliwa tarehe 17 Januari 1917 huko Nawalapitiya, karibu na mji wa Kandy, katika kisiwa cha Ceylon, ambacho siku hizi huitwa Sri Lanka. Wazazi wake walikuwa na asili ya Kerala, upande wa kusini magharibi ya India. Lugha yao ilikuwa Kimalayalam, siyo Kitamili. Baadaye wapinzani wake walilitumia jambo hili kumsema kwamba ni mgeni.

Baba alikufa MGR akiwa bado mdogo sana. Mama akawachukua watoto, akavuka nao bahari, akaenda kukaa Kumbakonam katika nchi ya Watamili. Fikirini hali yenyewe: mama mjane, watoto wanataka kula, na kipato hakuna. Njaa ikaingia ndani ya nyumba ikakaa. MGR alisoma madarasa machache tu ya mwanzo. Yeye na kaka yake Chakrapani wakaacha shule, wakajiunga na kundi la michezo ya kuigiza la watoto wa kiume.

Makundi kama hayo yalikuwa mengi siku zile. Mtoto alipewa chakula na mahali pa kulala, naye akafundishwa kuimba, kucheza, kusema maneno ya mchezo kwa moyo, na kupigana kwa panga za maonyesho. Kwa watoto wa maskini, sahani ya wali ndiyo iliyowavuta kuliko sanaa yenyewe. Lakini MGR alijifunza barabara. Ile kazi ya panga aliyoanza utotoni ndiyo iliyomfanya baadaye apendwe na vijana wa nchi nzima ya Watamili.

Sinema yake ya kwanza ilitoka mwaka 1936. Iliitwa Sathi Leelavathi, na mkurugenzi wake alikuwa Mmarekani mmoja, Ellis Dungan. MGR alipewa sehemu ndogo tu, ya ofisa wa polisi. Sinema yenyewe ilieleza ubaya wa ulevi. Tafadhali msomaji, likumbuke neno hilo la ulevi, maana tutalirudia.

Baada ya hapo alipata sehemu ndogo ndogo kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka 1947 ndipo alipopewa sehemu kubwa ya kwanza, katika sinema iitwayo Rajakumari. Alikuwa na umri wa miaka 30. Kuanzia hapo akapanda, hakushuka tena.

SIASA NDANI YA TURUBAI

Sasa tueleze kitu ambacho wengi hawakijui. Katika nchi ya Watamili sinema haikuwa kitu cha mjini tu. Wafanyabiashara walizunguka vijijini na mashine zao, wakasimamisha turubai, wakatundika kitambaa cheupe, na watu wakaketi chini mchangani. Watu wengi wa vijijini walikuwa hawajui kusoma. Gazeti kwao lilikuwa karatasi ya kufungia vitu. Lakini sinema waliielewa, maana iliwaambia kwa macho na kwa masikio.

Chama kimoja kiliona jambo hili mapema. Chama hicho ni DMK, maana yake Chama cha Maendeleo ya Wadravida. Wadravida ni jina la jumla la watu wa kusini ya India. Chama kiliundwa mwaka 1949 na C. N. Annadurai, ambaye watu walimwita Anna, yaani kaka mkubwa. Anna mwenyewe alikuwa mwandishi wa michezo ya kuigiza na sinema. Mwenzake kijana, M. Karunanidhi, naye alikuwa mwandishi wa sinema hodari sana. Hawa walitia maneno ya chama ndani ya hadithi. Mtu alikwenda kutazama mapigano ya panga, akarudi nyumbani na siasa kichwani bila kuhutubiwa.

MGR aliingia chama hicho mwaka 1953. Mwaka 1958 akatoa sinema kwa fedha zake na kuiongoza mwenyewe, Nadodi Mannan. Ndani yake alikuwa watu wawili: mfalme, na mtu wa kawaida anayefanana naye. Yule mtu wa kawaida anakaa katika kiti cha ufalme na kutoa sheria za kuwasaidia maskini. Watu waliijaza kila mahali ilipoonyeshwa. Wengi walitoka wakisema, kwa nini isiwe kweli?

Tangu hapo akachagua sehemu zake kwa uangalifu mkubwa. Alikuwa mvuvi, mkulima, mchunga ng'ombe, na katika Rickshawkaran ya mwaka 1971 alikuwa mwendesha riksho, kile kigari cha kubebea abiria mjini kwa nguvu za mtu. Sehemu hiyo ikampatia tuzo ya taifa ya mchezaji bora. Katika sinema zake hakunywa pombe, hakuvuta sigara, alimheshimu mama yake, aliwapiga matajiri wabaya na kuwaokoa wanawake. Hakukubali kuonyeshwa kama mtu mbaya. Watu wakampa jina la Vathiyar, maana yake mwalimu. Vijana wakaunda vyama vya wapenzi wake mijini na vijijini. Na yeye nje ya sinema alikuwa mkono wazi: penye moto au mafuriko alitoa msaada, na waendesha riksho wa mji wa Madras aliwagawia makoti ya mvua.

Je, alitoa kwa huruma au kwa kutaka sifa? Sisi tunaona vyote viwili vilikuwamo. Mtu aliyelala njaa hasahau. Lakini pia hakutoa gizani, wapiga picha walikuwa wakijua pa kusimama.

RISASI NA KURA

Mwaka 1962 aliingia kwa mara ya kwanza katika Baraza la Juu la kutunga sheria la jimbo. Alijiuzulu mwaka 1964. Ubunge wa kuchaguliwa na wananchi ulikuja mwaka 1967, na ulikuja kwa njia ya ajabu.

Tarehe 12 Januari 1967, mcheza sinema mwenzake, M. R. Radha, alimtembelea nyumbani. Wakagombana. Radha akatoa bastola akampiga MGR risasi karibu na sikio la kushoto, ikaingia shingoni. Kisha akajipiga mwenyewe. Wote wawili hawakufa. Radha alipelekwa mahakamani akafungwa. MGR alilazwa hospitali, na sauti yake haikurudi kama zamani. Ikawa nzito, maneno yakawa yanakwama. Kwa mtu aliyeishi kwa sauti, hilo ni pigo.

Uchaguzi ulikuwa mwezi uliofuata. MGR alikuwa mgombea wa DMK katika sehemu ya St. Thomas Mount, pembeni ya mji wa Madras. Hakuweza kuzunguka kuomba kura. Chama kikabandika picha yake akiwa kitandani, shingo imefungwa bendeji. Basi, hotuba ya nini tena? Akashinda. DMK nacho kikapata zaidi ya nusu ya viti vyote 234 vya bunge la jimbo, na chama cha Congress, kilichotawala tangu uhuru, kikaondoka. Anna akawa Waziri Kiongozi. Hakukaa sana, alikufa tarehe 3 Februari 1969, na Karunanidhi akashika mahali pake.

MGR na Karunanidhi walikuwa wametoka mbali pamoja. Mmoja aliandika maneno, mwingine akayasema. Lakini mafahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 1972 MGR alisimama akataka viongozi wa chama waonyeshe hesabu na mali zao mbele ya watu. Viongozi wakakasirika, wakamfukuza mwezi wa Oktoba. Hata mwezi haukwisha: tarehe 17 Oktoba 1972 akaunda chama chake, akakiita kwa jina la Anna, ADMK. Matawi hakuhitaji kuyatafuta. Vile vyama vya wapenzi wa sinema viligeuka matawi ya siasa karibu kwa siku moja.

Katika uchaguzi mdogo wa Dindigul mwaka 1973, chama hicho kichanga kilishinda kwa alama ya majani mawili. Nchini India siku hizo karatasi ya kura ilikuwa na picha, ili hata asiyejua kusoma apate kuchagua. Wasomaji wenye umri watakumbuka jembe na nyumba katika chaguzi za kwetu. Jua linalochomoza ilikuwa alama ya DMK. Majani mawili yakawa ya MGR.

WAZIRI KIONGOZI NA SUFURIA LA WALI

Mwezi wa Juni 1977 chama chake kilishinda uchaguzi wa jimbo, naye tarehe 30 akaapishwa kuwa Waziri Kiongozi. Safari hii alikuwa mbunge wa Aruppukottai. Mwaka 1980 serikali ya Delhi iliivunja serikali yake, uchaguzi ukaitishwa, na wananchi wakamrudisha mwaka huo huo.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike habari hizi. Tarehe 1 Julai 1982 alianzisha mpango wa chakula cha mchana kwa watoto wa vijijini. Ulizinduliwa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Tiruchirappalli. Watoto wa miaka 2 hadi 5 walilishwa katika vituo vya watoto wadogo, na wa miaka 5 hadi 9 katika shule za msingi. Mwezi wa Septemba mwaka huo mpango ukaingia mijini. Mwaka 1984 ukafika kwa watoto hadi miaka 15. Yeye mwenyewe alieleza kwamba wazo hilo lilitokana na njaa aliyoionja utotoni.

Tuseme ukweli, hakuwa wa kwanza. Waziri Kiongozi wa Congress, K. Kamaraj, ambaye naye aliacha shule akiwa mtoto, alianza kulisha watoto wa shule mwaka 1956. Lakini mpango wa Kamaraj ulikuwa mdogo. MGR alisema kila kijiji, na kila siku.

Kazi yenyewe ilikwendaje? Kila kituo kilipewa wafanyakazi watatu: msimamizi, mpishi na msaidizi. Wanawake ndio walioajiriwa, na wajane na wasio na mtu wa kuwatunza walitangulizwa. Sufuria kubwa, kuni, mchele, mbaazi, mboga na mafuta. Saa sita mchana watoto wanakaa mistari mirefu na sahani zao, wa tabaka la juu na wa tabaka la chini pamoja. Msomaji anayeijua India ataelewa uzito wa jambo hilo. Huko kuna matabaka ya kuzaliwa, na wa juu walikataa kula chakula kilichopikwa na wa chini. Kuwaketisha watoto wote chini wale sufuria moja si mchezo, na mahali pengine wazazi walinung'unika sana.

Wachumi nao walipiga kelele. Walisema gharama ni kubwa mno, fedha hizo zingejenga viwanda na mabwawa, na kwamba huyu bwana ananunua kura kwa wali. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, maana mamilioni ya watoto kula kila siku ni mzigo kwa hazina yoyote. Lakini mtoto mwenye njaa hasikii mwalimu anasema nini. Walimu waliona watoto wakija shule ambao zamani hawakuja, hasa wasichana na watoto wa vibarua. Mama aliyekwenda kupalilia shamba la mtu alijua mwanawe atakula.

Sasa turudi kwenye lile neno la ulevi. Fedha zilitoka wapi? Jimbo lilikuwa limepiga marufuku pombe. Mwaka 1981 serikali ya MGR ikaondoa marufuku hiyo, na kodi ya araki, ile pombe kali ya watu wa chini, ikaingia hazina kwa wingi. Kwa hiyo yule ambaye katika sinema hakugusa glasi alisimamia serikali iliyokula kodi ya walevi. Baba alikunywa ujira wake jioni, na mtoto wake akalishwa mchana. Mwanachuoni mmoja wa Kitamili, M. S. S. Pandian, aliandika kitabu kizima mwaka 1992 akionyesha kwamba utawala huu ulichukua kodi nyingi kwa maskini, huku matajiri wa mashamba na wa biashara wakiguswa kidogo. Sisi tunasema chakula kilikuwa kizuri na bei yake ilikuwa mbaya, na aliyeilipa zaidi alikuwa mke wa mlevi.

Jambo jingine la kusikitisha. Mwaka 1987 gazeti moja la Kitamili, Ananda Vikatan, lilichora kikatuni kuhusu wabunge na mawaziri. Mbunge alichorwa kama mchomoa mifuko, na waziri kama jambazi. Bunge la jimbo, ambamo chama cha MGR ndicho kilichokuwa na wingi, likamhukumu mhariri miezi mitatu jela. Watu wakapiga kelele kila upande, akaachiliwa baada ya siku chache. Bunge lililoongozwa na msanii halikustahimili picha moja ya mzaha!

KITANDA CHA NEW YORK

Oktoba 1984 MGR aliugua vibaya. Figo zake zilishindwa kufanya kazi, akapelekwa hospitali huko Brooklyn, New York, Marekani. Binti wa kaka yake alimpa figo moja. Wakati huo huo uchaguzi ukaitishwa. Wapinzani walieneza habari kwamba amekwisha kufa na wenzake wanaficha. Chama kikachukua picha za video, zikimwonyesha yuko hai hospitalini, zikasambazwa vijijini. Watu wakakusanyika kumtazama kwenye kioo kama walivyokuwa wakimtazama katika turubai zamani. Bila kukanyaga sehemu yake ya Andipatti alishinda, na chama chake kikashinda. Alirudi Februari 1985 akaapishwa, lakini kusema kulimsumbua. Mambo mengi yakawa mikononi mwa watu waliomzunguka, wakigombana wao kwa wao.

Alikufa tarehe 24 Desemba 1987. Mji wa Madras ulijaa watu na fujo zikatokea, maduka yakavunjwa, watu wakapoteza maisha. Wengine walijiua kwa uchungu. Huo ndio upande wa kutisha wa mapenzi ya namna hii. Mwaka 1988 serikali ya India ilimpa Bharat Ratna, heshima kubwa kuliko zote za nchi. Amezikwa pwani ya Marina, katika mji ambao sasa unaitwa Chennai. Husemwa kwamba alizikwa na saa yake ya mkononi, na wageni kutoka vijijini huinama kwenye kaburi na kuweka sikio wasikilize kama bado inakwenda.

Chama chake kiligawanyika. Mke wake Janaki, naye mcheza sinema, aliongoza serikali majuma machache tu mwaka 1988. Mwaka 1991 mcheza sinema mwingine aliyeigiza naye miaka mingi, Jayalalithaa, akawa Waziri Kiongozi.

Na lile sufuria je? Mwaka 1989 Karunanidhi, yule hasimu yake, alirudi madarakani. Watu walidhani atalipindua. Hakulipindua, aliongeza yai. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya India iliamuru majimbo yote yawape watoto wa shule za msingi za serikali chakula kilichopikwa. Na tarehe 15 Septemba 2022, mtoto wa Karunanidhi, M. K. Stalin, akiwa Waziri Kiongozi, alianzisha na chakula cha asubuhi kwa watoto wa shule za msingi za serikali, ili wale kabla kengele ya darasa haijalia.